Punda Alipoacha Kulia

Majogoo wa San Bernabé walikuwa wavivu, na wala hawakuona haya. Wangeonaje haya, na Punda yupo? Kabla hawajakohoa, yeye alikuwa ameshalia na kijiji kizima kimeshaamka.

Punda mwenyewe hakuwa wa miguu minne. Alikuwa mota ya umeme ya kinu cha Bi Otilia Cuamatzi, kubwa kama nguruwe wa sikukuu, nyeusi kwa mafuta ya miaka, imefungwa kwenye saruji kwa boliti zilizoshika na nyingine zilizojisingizia kushika. Ukiiwasha ilianza kwa kukoroma, ikapanda, ikapanda, kisha ikaachia mlio mrefu wa kukata maini, hiii-hooo, kama mtu aliyepewa habari za msiba na hakuamini. Marehemu Fidencio, mume wa Otilia, ndiye aliyeipa jina, na ndiye aliyeisuka upya nyaya zake kila zilipoungua. Fidencio alikwenda zake. Punda akabaki.

Asubuhi hiyo Nicandro, mtoto wao wa pekee, alikuwa amechuchumaa mbele ya Punda na kifaa mkononi, mfano wa koleo, ameking'atisha kwenye waya. Kazi yake mjini Puebla ilikuwa hiyo: kuzunguka viwandani akipima umeme unaopotea na kukadiria utakaookolewa mota zikibadilishwa. Nyuma yake wanawake walikuwa wamepanga foleni na ndoo zao za mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa na kulala majini, wanamtazama kama mganga.

"Injinia," alisema Delfina, somo yake Otilia tangu ujana, mwanamke mwenye mtandio wa buluu na ulimi usio na breki. "Unampima homa au ujauzito?"

"Nampima ulaji, Mama Delfina."

"Ee! Basi ukimaliza hapo uje umpime na mume wangu."

Foleni ikacheka mpaka ndoo zikagongana. Otilia alikuwa anasukuma mahindi kwa kiganja yaingie kati ya mawe, unga mbichi ukitoka upande wa pili mweupe na laini, naye alicheka kuliko wote. Hiyo ndiyo saa yake ya kucheka. Jua likishapanda ukuta wa kanisa, wanawake walikuwa wameshashuka kila mmoja na ndoo yake kwenda kuchoma tortiya, mikate bapa ya mahindi, za siku, na sauti nyingine ambayo Otilia angeisikia mpaka kesho yake ni ya redio, na redio haikuulizi umelalaje. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kijijini, juu kabisa, dirisha lake likitazama shamba.

Ndoo ya mwisho ilipoondoka, Nicandro alizima swichi, kimya kikaanguka kama gunia.

"Mama, kabla ya mteja wa kwanza kufika, Punda alikuwa analia nini karibu nusu saa nzima?"

"Anapashwa moto. Baba yako alisema mota iliyosukwa haipewi mzigo ikiwa baridi."

"Baba alisema hivyo mwaka gani?"

"Mwaka ulipokuwa unakojoa kitandani."

Nicandro akameza hilo, maana lilikuwa kweli. "Weka mkono hapa, juu ya gamba lake."

Otilia akaweka, akautoa mbio. "Moto!"

"Joto hilo ni pesa, Mama. Katika kila vijiko kumi vya umeme anavyokula, vitatu vinatoka kama joto na kelele, havigusi hata punje moja. Na kila Baba alipomsuka upya, alizidi kuwa mlafi. Mota za siku hizi zinapoteza kijiko kimoja tu."

"Usimseme baba yako mbele ya mota yake."

*

Jikoni, mbele ya kahawa na maharage ya jana, walisemezana kama watu wanaopendana na wamechokana.

"Bili ya Oktoba ulilipa kwa nini?" aliuliza Nicandro.

"Kwa pesa."

"Pesa za nini?"

Otilia akageuza tortiya juu ya kikaango ingawa ilikuwa haijaiva. "Za nguruwe."

"Nguruwe wa Krismasi?"

"Nguruwe hana tarehe usoni, mwanangu."

"Kwa hiyo Punda amemla nguruwe. Bili ijayo atakula nini? Kuku? Mlango?" Alisogeza kiti. "Mama, kinu hakijilipi. Funga. Njoo Puebla. Chumba kipo, na Maribel mwenyewe kasema."

Chumba kilikuwepo, Otilia alikijua. Alilala humo aliposumbuliwa na mapafu, kati ya meza ya kupigia pasi na baiskeli ya mazoezi isiyokwenda popote. Maribel, mkwewe, alikuwa mwema kupita kiasi. Alimwachia rimoti ya televisheni asubuhi na kumwambia, "Jisikie nyumbani, Mama," kisha mlango ukafungwa na hakuna aliyesema neno tena ndani ya nyumba hiyo mpaka jioni. Dirisha lilitazama ukuta. Otilia aliujua ukuta ule mpaka nyufa zake. Hata akaupa jina ufa mmoja, ili awe na mtu wa kumsalimia.

"Siendi," alisema.

"Basi sikiliza." Nicandro alikuwa ameshaitoa simu na kidole chake kilikuwa kinakimbia juu ya namba. "Nguvu ya mota, kwa saa anazosaga, kwa mzigo wenyewe, toa kile kisichopotea tena. Ongeza ile nusu saa ya kulia bure, ambayo tunaifuta kabisa. Bili inashuka kwa theluthi nzima."

"Theluthi ya bili, au theluthi ya maneno?"

"Ya bili. Mota mpya nainunua mimi kwa bahashishi yangu ya Desemba. Bili ya kwanza ikishuka kama nilivyokadiria, kinu ni chako na sitakutajia Puebla tena maisha. Isiposhuka, unafunga, unakuja."

Otilia alimtazama. Alikuwa na masikio ya Fidencio na ubishi wa Fidencio, ila Fidencio angalau alikuwa anakaa nyumbani. Akafuta mkono kwenye aproni, akaunyoosha. Wakapeana mikono juu ya maharage kama wauza ng'ombe.

*

Mota mpya ilikuja ndani ya boksi, imefungwa povu jeupe kama keki ya harusi. Ilikuwa ya kijivu, safi, si kubwa kuliko tikiti maji. Punda alifunguliwa boliti, akaburuzwa mpaka pembeni, akafunikwa gunia. Nicandro akafunga mkanda mpya, akasimama wima, akabonyeza swichi kama askofu anayezindua hospitali.

Hakuna kilichotokea.

"Imekufa," alisema Otilia, na pengine kulikuwa na furaha kidogo kwenye sauti yake.

"Inazunguka, Mama. Tazama mkanda."

Kweli ulikuwa unazunguka. Otilia aliinamisha sikio, akasikia mkoromo mdogo, wa paka aliyekula akashiba na hataki mazungumzo.

"Hii haipashwi moto," Nicandro alisema akikusanya vifaa. "Usiiwashe mpaka ndoo ya kwanza iingie mlangoni. Nusu saa ile ndiyo faida yetu kubwa. Umenielewa?"

"Nimesikia."

Kesho yake Otilia aliamka saa yake ileile, akawasha taa, akakaa kwenye benchi la wateja na mikono mapajani. Alijiona kama mgeni nyumbani kwake. Baada ya kitambo alikuja Ruperta, jirani yake wa pekee huko juu, aliyeona mwanga kupitia ua. Alikuja peke yake.

"Wenzako wako wapi?"

"Nitajuaje? Labda baridi," alisema Ruperta. Unga wake ulipotoka aliuchota kwa kidole, akakunja uso. "Bi Otilia, huu una homa."

Ulikuwa wa moto kweli. Na unga wa moto haukandiki vizuri mikononi, na tortiya yake hukatika pembe; mwanamke wa San Bernabé anaweza kukusamehe ukimwibia kuku, hilo hakusamehe. Otilia akapiga simu Puebla. Nicandro akafikiri, akasema Punda alikuwa anachechemea kwa uzee, hii mpya haichechemei, inayazungusha mawe mbio zaidi; dawa ni puli, lile gurudumu la mkanda, kubwa zaidi upande wa kinu. Jumapili akapanda na gari lake, akabadilisha puli, akaipakia ile ya zamani nyuma pamoja na vyuma vingine, akafunika kwa gunia, akashuka kabla ya kula. Unga ulirudi kuwa wa baridi kama zamani.

Lakini hapakuwa na wa kusagiwa. Ruperta alichukuliwa mjini Apizaco kumlea binti yake aliyejifungua, na baada yake mlango wa kinu haukuingia mtu. Otilia alihesabu makosa yake na akalipata moja tu: unga wa moto. Ruperta akishasema, nani asisikie? Kijiji ni sufuria, ukipiga upande huu unalia upande ule.

Angeweza kushuka akauliza. Miguu alikuwa nayo. Lakini kushuka mlango kwa mlango, mke wa Fidencio, kuwauliza watu kwa nini wamemkimbia? Afadhali njaa. Akaacha hata misa ya San Bernabé, akawa anachukua basi la njia ya juu kwenda sokoni Apizaco kuuza mayai, ambako hakuna aliyemjua na hivyo hakuna aliyemhurumia.

Alfajiri aliendelea kuamka. Alikaa kwenye benchi, taa inawaka, mawe yamelala. Aliyachonga upya makali yake ingawa hayakuwa butu, akayachonga tena, mpaka akaogopa atayamaliza. Siku moja alilishika lile gunia la pembeni, akalivuta kidogo, akasema, "Umelalaje?" Kisha akalirudisha haraka, akatazama mlangoni kama kuna aliyemwona. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Hakukuwa na wa kumwona.

Nicandro alipiga simu kila Jumatano.

"Mota inaendeleaje?"

"Vizuri. Hata sauti haina."

"Nilikwambia! Haya Mama, nakimbilia mkutano."

*

Kahawa ilipokwisha katikati ya wiki, alilazimika kushuka dukani kwa Mzee Casimiro. Alichagua saa ya jua kali, saa ambayo hata mbwa hawana la kusema. Lakini Delfina alikuwa huko. Alikuwa anapokea paketi ya unga wa kiwandani, ule wa kuchanganya na maji tu, na alipomwona Otilia aliifutika ndani ya mtandio wa buluu kwa kasi ya mwizi. Ikabaki imevimba pale kifuani kama mtoto wa kusingizia.

"Somo," alisema Delfina.

"Somo."

Wakatazama sabuni, kila mmoja yake.

"Maribel hajambo?" aliuliza Delfina. "Mwanao?"

"Hawajambo."

"Puebla baridi, nasikia."

"Huenda."

Otilia alishangaa. Delfina, ambaye hakuwahi kumuulizia Maribel hata siku ya harusi yake! Anazunguka, aliwaza. Anataja kila kitu isipokuwa kinu, ili asinitazame machoni.

Mzee Casimiro, ambaye Mungu alimpa duka akasahau kumpa staha, aligonga meza. "Na wewe Bi Otilia nikupe paketi? Siku hizi unga huu unauzika, sijapata kuona. Mahindi yenu bakini nayo mle na kuku."

"Kahawa," alisema Otilia. "Robo."

Alilipa, akasahau chenji, akakumbuka akiwa njiani, akaona bora chenji ipotee kuliko kurudi.

*

Bili ilipofika, Nicandro alifika nayo. Ilikuwa Jumamosi, jua limeshapanda. Alikuwa ameshaiona kwenye simu, akaja na mfuko wa mikate mitamu na uso unaong'aa kuliko mikate.

"Si theluthi, Mama! Zaidi ya nusu! Nimekadiria viwanda vikubwa mpaka nimechoka, sijapata kupitwa na ukweli namna hii. Bosi wangu anataka kuwaonyesha wateja." Akambusu kichwani. "Umeshinda. Kinu ni chako. Puebla sitataja tena, kama tulivyoahidiana."

Otilia alimimina kahawa. Akamsogezea mwanawe kikombe.

"Nitakuja Puebla," alisema.

"Nini?"

"Ile baiskeli mtaihamisha? Kitanda kikae karibu na dirisha."

"Mama, hukusikia? Bili imeshuka!"

"Haili kwa sababu hailishwi, mwanangu."

Nicandro aliweka kikombe. Aliangalia nje, uani, palipokuwa pakisimama ndoo. Aliangalia benchi. Mtaalamu huyo aliyezoea kuona hasara iliyojificha ndani ya waya, ilimchukua muda kuiona hii iliyokaa wazi.

"Watu hawaji?"

"Hawaji."

"Tangu lini?"

"Tangu unga wa moto."

"Lakini puli tulibadilisha! Mama, nilikupigia kila wiki. Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza mota inaendeleaje. Nikakujibu mota." Akasukuma sahani ya mikate upande wake. "Kula, inapoa."

Hakula. Alishika ile bili, akaikunjua, akaikunja, kama mtu aliyepewa zawadi ya mtu mwingine. Hapo ndipo lori la vyuma chakavu lilipopita barabara ya juu, kipaza sauti kikiimba yale yale ya kila Jumamosi: magodoro, majiko, friji, mota mbovu. Otilia akasimama.

"Mwite. Kama nafunga, nifunge leo, kabla sijapata akili nyingine."

Mnunuzi wa vyuma alikuwa mtu mnene mwenye kofia ndogo kuliko kichwa chake. Alivuta gunia, akampiga Punda kofi la tumbo.

"Shaba imo. Lakini mbovu nalipa kwa kilo."

"Si mbovu," alisema Otilia.

"Wote husema hivyo, mama yangu. Hata mimi mke wangu aliambiwa hivyo juu yangu. Akiwa mzima nalipa mara mbili. Mwasheni nisikie."

Nicandro akavuta waya, akamkandamiza Punda kwa matofali asirukeruke, akaunganisha. Mama yake alikuwa amegeukia ukuta. Nicandro akabonyeza.

Punda alianza kwa kukoroma. Akajikwaa, akapanda, kana kwamba anamtafuta mtu gizani. Kisha akaachia, hiii-hooo, mlio ule wa msiba usioaminika, ukatoka dirishani, ukapita shamba, ukashuka paa kwa paa mpaka kanisani na kurudi. Mnunuzi aliziba masikio. Otilia aliinua aproni, akaficha uso.

"Basi, basi!" mnunuzi alipiga kelele. "Ni mzima! Mzimeni!"

Lakini Nicandro hakuzima, maana alikuwa anatazama barabara. Kuna mtu alikuwa anapanda mlima mbio na kandambili moja mkononi, mtandio wa buluu unapepea. Nyuma yake mwingine, ana mapovu ya sabuni mpaka viwikoni. Nyuma yao wengine wawili, na mmoja amebeba ndoo, nani ajuaye ya nini.

Delfina aliingia uani bila pumzi. "Somo! Umerudi?"

Nicandro akazima.

"Nimerudi kutoka wapi?" aliuliza Otilia.

"Puebla!"

"Nani kakwambia nilikwenda Puebla?"

"Punda! Alikoma kulia!" Delfina aliwatazama wenzake wamtetee. "Mimi huamka naye, somo, tangu nilipoolewa. Akilia ndipo nawasha jiko na kubeba ndoo. Asubuhi ile hakulia, nimelala kama maiti, mume wangu akachelewa kazini, kidogo wamfukuze!"

"Na wangu," alisema mwenye mapovu. "Mpaka leo ananinunia, eti nilifanya makusudi."

"Kisha Jumapili tukaliona gari la injinia linapanda tupu na kushuka na mzigo umefunikwa gunia. Tukasema ndiyo hivyo, amemhamisha. Na siku ile dukani nikadhani umekuja kuchukua vyombo vilivyobaki."

Nicandro alikaa chini polepole, juu ya Punda mwenyewe, aliyekuwa bado moto.

"Nusu saa ya kulia bure," alisema kwa sauti ndogo.

Otilia hakumsikia. Miaka yote alikuwa ndani pamoja na mlio. Hakuwahi kuwa nje yake, kitandani, huko chini, akiusikia unamwita. Alikuwa anajua wanakuja kwa sababu kumekucha. Lakini si hilo lililokuwa linamuuma sasa.

"Na hakuna hata mmoja wenu," alisema, "aliyekuja kubisha hodi?"

Wanawake wakatazama chini. Hata mnunuzi wa vyuma alivua kofia yake ndogo, akaitazama ndani.

"Nilifika mpaka kwenye kona pale," alisema Delfina mwishoni, na safari hii ulimi wake ulikuwa na breki. "Si mara moja. Nikarudi. Niliogopa nitabisha, nisikie kweli hakuna mtu." Akafuta pua kwa mtandio. "Na wewe je? Kwangu unapajua. Mbona hukushuka?"

"Niliogopa mtaniambia unga wangu mbaya."

"Unga gani?"

"Wa moto."

"Sisi hata huo wa moto hatukuuona, jamani! Ningeula na malalamiko yake! Unajua ule wa paketi una ladha gani? Una ladha ya paketi."

Aliyecheka kwanza ni mnunuzi. Kisha akakumbuka kazi. "Sasa mama yangu, tunauziana au tunalia?"

"Hauzwi."

"Basi nipeni hata mkate mmoja, nimepoteza mafuta."

Akapewa miwili. Lori likashuka likiimba magodoro yake. Wanawake nao walikuwa wamesimama tu, wakihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, mpaka mwenye ndoo alipouliza lile ambalo wote walilijia:

"Kwa hiyo jioni tuchemshe? Kwa ajili ya kesho?"

"Chemsheni," alisema Otilia.

Walipoondoka, Nicandro alitoa simu, na kidole kikaanza tena kukimbia juu ya namba. Alimfunga Punda palepale pembeni kwa boliti zake za zamani, bila mkanda, hashiki jiwe wala gurudumu. Kusaga itasaga mpya. Huyu kazi yake kulia.

"Dakika chache tu, Mama. Si nusu saa."

"Delfina ana usingizi mzito."

"Basi robo saa. Robo saa ya kulia bila mzigo, jumlisha na ndoo zikirudi..." Akahesabu. Akasimama. "Bili itapanda."

"Itapanda sana?"

"Sana, Mama," alisema Nicandro. "Mungu akipenda."

Akamwomba msamaha akiwa ameshaingia kwenye gari, kioo kikiwa nusu, namna wanaume wa ukoo ule walivyoomba msamaha siku zote, na Otilia akajibu kwa kumwambia aendeshe polepole.

*

Jioni alitoka na kigoda, akakaa mbele ya nyumba, jambo ambalo hakulifanya tangu Desemba. Harufu ilipanda yenyewe: mahindi yanachemka, chokaa, moshi wa kuni. Haikutoka kila paa. Upande wa mtoni hapakuwa na kitu. Huko paketi ilikuwa imeshazoeleka, na unga wa paketi haumwamshi mtu alfajiri. Alijua ni nyumba ya nani na nani. Alikaa mpaka harufu ikapoa, akaingia, akala peke yake kama juzi na jana.

Alfajiri alifungua mlango wa kinu, akawasha taa, akaenda pembeni. "Umelalaje?" aliuliza, na hakutazama kama kuna mtu. Akabonyeza.

Punda alilia robo saa yake yote, hageuzi chochote, hasagi chochote, hasara tupu kwa kipimo chochote cha mwanawe. Otilia alikaa kwenye benchi na mikono mapajani. Alipomzima, kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko cha asubuhi zote zilizopita, maana hizo zote hakuwa amemwita mtu. Mbwa mmoja alibweka huko chini, akaacha. Mota mpya ilikuwa imetulia mahali pake. Jogoo akakohoa.

Kisha, mbali, mpini wa ndoo uligonga ndoo. Nyayo zikapanda mlima, zikapita kona, hazikurudi.

"Hodi," ilisema sauti ya Delfina kizingitini, ingawa mlango ulikuwa wazi wote, na tangu kinu hicho kijengwe hakuna aliyewahi kubisha hodi hapo.